Kijiko cha Mzee Kalisto

Nilifika mtaa wa Majengo msiba ukiwa umeshapoa. Dada Zuhura alizikwa siku ileile aliyofariki, kama ilivyo desturi ya Waislamu, na mimi nilikuwa mbali. Basi lilinishusha stendi ya Sumbawanga siku ya tatu, magoti yamevimba na kitenge kimejaa vumbi. Nikaoneshwa kaburi, nikalia kadiri umri wangu unavyoniruhusu kulia, nikarudishwa nyumbani kwake nipewe chakula. Watu walikuwa wameanza kutawanyika. Nikakalishwa sebuleni peke yangu kwenye kiti kikubwa, kile ambacho wazee hupewa ili waonekane wameheshimiwa na wasisumbue watu. Rehema, mjukuu wa marehemu, mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto wawili, akaniletea sinia: ugali wa ulezi, maharage, paja la kuku na vijiko viwili. Kabla hajaniwekea mbele akachukua kijiko kimoja, akamega ugali kidogo pembeni, akauchovya kwenye mchuzi, akala. Kisha akasema, "Karibu, bibi," akageuka aende zake.

"Rehema, nani kakufundisha kuonja chakula cha mgeni?"

"Aa, hiyo ni sheria ya afya, bibi. Imeandikwa." Akaonesha kwa kidevu juu ya mlango, palipotundikwa fremu yenye karatasi iliyogeuka rangi ya chai. "Bibi alikuwa mkali sana kwa hilo. Hata uji wa mtoto tulikuwa tunaonja na kijiko chake pembeni."

Nikacheka. Nilicheka msibani, kwa sauti, mpaka wanawake waliokuwa uani wakachungulia wajue kama nimeanza kupotewa na akili. Ile karatasi naijua. Nilikuwepo ilipoandikwa, na wino wake nilikwenda kuuomba mimi kwa mwalimu mkuu wa Njia Panda, nikirudi mbio kwa kuogopa mwandishi asije akabadili mawazo.

Nitaeleza mwaka ule mmoja tu. Habari za nilikozaliwa na za ndugu zangu nitaziacha zilipo. Itoshe kusema nilikuwa na miaka ishirini na miwili, Mfipa wa uwandani, Mkatoliki, na nilikuwa nimevunja uchumba ambao ukoo mzima ulishaunywea pombe. Baada ya jambo kama hilo mtu harudi nyumbani kuomba chumvi. Dada Zuhura alikuwa na kama miaka thelathini na mitano, mwanamke wa mjini, wa familia ya maduka na malori; mume alikuwa amemwacha, na sikuwahi kumwona akisikitika kwa hilo. Kaka yake alikuwa na ghala la mahindi huko Njia Panda, mahali ambapo barabara ya kwenda Kasesya mpakani inaachana na ile inayoshuka ziwani. Ila miaka ile serikali ilikuwa imeshachukua kazi ya kununua mazao, na ghala la mtu binafsi likabaki na panya tu. Zuhura akaliomba. Kaka yake akampa kama mtu anavyotoa mbwa asiyebweka. Zuhura alinikuta nikiuza viazi vya kuchemsha kwa abiria wa malori, akala kimoja, akaniuliza kama najua kutandika kitanda. Nikasema najua. Nilikuwa nimelala kitandani mara mbili maishani mwangu.

Njia Panda kilikuwa kijiji kipya. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka makazi yao ya zamani yaliyotawanyika mabondeni, wakapangwa kando ya barabara kwa mistari iliyonyooka, na bado walikuwa wanapotea wakitafuta nyumba zao jioni kwa kuwa zote zilifanana. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu mwema aliyependa kuelewana na kila mtu. Alituandikia barua, wilaya ikatupa kibali cha muda cha kulaza wageni, na tukaambiwa kwamba kabla kibali hakijaisha Bwana Afya atakuja kukagua. Akiridhika, tutapata leseni. "Mkipata leseni, nyumba ni yenu," mwenyekiti alituambia bila kuzunguka. "Mkikosa, tunaifanya stoo ya mbolea ya kijiji. Msinichukie." Hatukumchukia. Lakini mimi kila asubuhi nilipoamka nilivuta hewa kwa nguvu puani, kana kwamba mbolea imeshaingia.

Tuligawa ghala vyumba vinne kwa kuta za matete yaliyosukwa, zilizofika juu kidogo kuliko kichwa cha mtu mrefu. Vitanda tulivitengeneza kwa miti na kamba, na magodoro yalikuwa magunia yaliyojazwa majani makavu, ambayo usiku kucha yalisema kila mgeni anapojigeuza. Baridi ya Ufipa haina huruma, hasa Juni na Julai, upepo ukikata uwanda wote bila mti wa kuuzuia. Kwa hiyo jua likizama nilipasha mawe moto, nikayaviringisha kwenye vipande vya gunia, nikayaweka miguuni pa kila kitanda. Madereva walicheka mara ya kwanza. Mara ya pili waliuliza jiwe langu liko wapi. Asubuhi ilikuwa kazi ya wawili: Zuhura alikaanga maandazi yenye iliki unga wa ngano ulipopatikana, na mimi nilipika uji wa ulezi wenye maziwa, na sukari ikikosekana katika duka la kijiji tuliweka asali. Nimekula kwenye hoteli zenye vitambaa vyeupe tangu wakati ule, na watoto wangu wamenipeleka Dar es Salaam nikapewa kifungua kinywa cha kujipakulia. Ule uji sijauona tena.

Kuta za matete zilinisomesha. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha nne alimwambia pole. Kulikuwa na mwalimu kijana, ndiyo kwanza amepangiwa kazi Milepa kule bondeni, ambaye jioni nzima alijizoeza kujitambulisha kwa wanafunzi, mara kwa sauti nzito, mara kwa sauti ya upole, mara kwa sauti yake mwenyewe, mpaka dereva wa chumba cha pili akamwambia, "Mwalimu, ile ya tatu ndiyo nzuri. Tumia hiyo." Asubuhi alikunywa uji bila kuinua macho, lakini alipoondoka nilimsikia akiaga kwa ile sauti ya tatu. Nilijifunza kwamba watu wote, wakubwa kwa wadogo, wanaogopa kitu, na kwamba wanakitaja wakidhani ukuta ni ukuta. Hilo lilikuja kutuokoa, ingawa wakati ule nililiona ni umbea tu.

Tatizo letu lilikuwa moja, na lilikuja na mgeni wa kwanza kabisa. Alikuwa dereva wa Mbeya, mtu mpole mwenye masikio makubwa. Tulimpikia, tukamwekea sinia chumbani, tukarudi jikoni kama wanawake wenye adabu. Mara mlangoni akasimama mzee mmoja mrefu, mwembamba, koti lake limeshonwa viwiko, akamtazama yule dereva anavyokula peke yake. Akaja jikoni kwetu, akapiga makofi ya kusalimia.

"Shikamoo, babu," nikasema.

"Marahaba. Yule mtu ana kosa gani?"

"Hana kosa, babu. Ni mgeni wetu."

"Mbona mmemfunga?"

Zuhura hakuelewa, lakini mimi nilielewa, nikaona aibu mpaka masikioni. Kwetu mgeni halishwi peke yake. Mwenye nyumba hukaa naye, humega tonge la kwanza mbele yake, akala, ndipo mgeni ajue chakula ni salama na amekaribishwa kweli. Na sisi tulikuwa wanawake wawili bila mwanamume. Hatukuweza kukaa sinia moja na mwanamume tusiyemjua, kijiji kingetuimba. Yule mzee hakungoja tumalize kujieleza. Akanawa, akaingia, akaketi, akapiga ishara ya msalaba, akasema maneno machache ya Kifipa, akamega tonge. Yule dereva baadaye aliniambia kwamba alikuwa amekosa hamu ya kula mpaka pale.

Huyo ndiye Mzee Kalisto. Aliwahi kuwa seremala wa misheni, sasa alikuwa mjane, na nyumba yake ilikuwa mstari wa tatu nyuma yetu. Tangu mkewe afariki, aliniambia siku moja bila kujihurumia, alikuwa anakula amesimama, ili isiitwe kula. Kuanzia siku ile akawa anakuja kila jioni gari likisimama. Hakutaka malipo, alitaka chakula na mtu wa kukila naye, na sisi tulikuwa na vyote viwili. Alikuwa na sheria moja: akishaonja haondoki mpaka mgeni amalize. "Aliyeonja hukaa," alisema. "Nikiondoka mapema, utasema nimekwenda kutapika." Zuhura alicheka mpaka akaegemea ukuta. Lakini Mzee Kalisto hakuwa anatania, na madereva walimwelewa vizuri sana.

Jina la Sumbawanga, msomaji wangu, lilikuwa limeshasafiri kuliko malori. Mtu wa pwani akipangiwa kazi huku, mama yake alifunga mizigo akilia. Walisema tunaroga hata kwa salamu. Sisi wenyewe tuliwaona ni watu wa ajabu wanaoogopa watu wenye viatu vilivyotoboka. Ila hofu ni hofu, haijali kama ina sababu, na habari ikaenea barabarani kwamba pale Njia Panda kuna nyumba ya akina mama wawili ambako mzee mmoja anaonja kwanza na anakaa mpaka mwisho. Wageni wakaongezeka. Kukawa na mambo ya kupanga: Ijumaa za Kwaresima Mzee Kalisto hakugusa nyama, kwa hiyo mchuzi wa kuku ulionjwa na Zuhura akiwa amesimama mlangoni kwa heshima zake, na mwezi wa Ramadhani Zuhura hakugusa kitu mchana, Mzee Kalisto akashika zamu zote na akanenepa mashavu. Nadhani hakuna nyumba katika Rukwa nzima ambayo dini mbili zilishirikiana vizuri hivyo juu ya paja la kuku.

Bwana Afya alifika kipupwe, kibali chetu kikiwa kimebakiza wiki chache. Alikuwa kijana wa upande wa Tanga, shati jeupe, viatu vinang'aa, na chupa ndogo ya spiriti ambayo alijipaka mikononi baada ya kumsalimia kila mtu. Alikuwa na dereva wa gari la serikali, mtu mnene aliyeshalala kwetu mara nyingi. Alikagua choo, akanyamaza. Akakagua vyumba, akanyamaza. Zuhura akaninong'oneza kwamba mkaguzi anayenyamaza ni mkaguzi aliyeridhika. Jioni, taa ya karabai ikiwa ndiyo kwanza imewashwa, tukamwekea sinia: ugali wa ulezi wa kwetu, mweusi na mgumu, na maharage yenye karanga. Mzee Kalisto akaja na koti lake na mkeka kwapani, akautandika, akaketi, akapiga ishara ya msalaba, akasema yale maneno yake ya Kifipa kwa sauti ya chini, akanyoosha mkono, akamega, akachovya, akala. "Karibu, baba," akasema.

Bwana Afya alisimama wima.

"Ndugu, umefanya nini kwenye chakula changu?"

"Nimeonja, baba."

"Umeonja kwa nini?"

Mzee Kalisto alimtazama kwa mshangao. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Na kwa kuwa alikuwa mkweli kupita kiasi, akajibu, "Ili ujue hakuna sumu."

Mezani pa mgeni kuna maneno hayatajwi, hata kwa kukanusha. Niliona rangi ya Bwana Afya ikibadilika. Zuhura akaingia na maelezo, mimi nikaingia na maelezo juu ya maelezo yake, tukasikika kama watu wanaoficha maiti. Bwana Afya akatoa daftari. Akasema chakula cha mgeni kushikwa na mkono wa mtu mwingine kabla mgeni hajala ni uchafu, ni ugonjwa, na hawezi kupitisha nyumba yenye mwenendo huo. Kisha akaomba mayai mawili ya kuchemsha, yasimenywe. Mzee Kalisto akainuka taratibu, akakunja mkeka wake, akautia kwapani. Alipopita jikoni alisema, "Nimewaharibia, wanangu," na hakungoja tumjibu. Nimepata huzuni nyingi tangu siku ile, na nyingine kubwa zaidi, lakini ule mgongo wake ukitoka mlangoni sijausahau.

Alfajiri nilikuwa nyuma ya nyumba nawasha moto wa maji ya kuogea wageni. Chumba cha pili kilikuwa upande wangu. Nikamsikia dereva akisema, "Mkuu, leo siku ya ngapi hujala?"

"Nimekula mayai."

"Mayai siku nne."

Godoro la majani likasema. Kisha Bwana Afya akajibu kwa sauti ambayo mchana asingeitumia. "Mama aliniapisha. Aliniambia huku nile kitu chenye ganda tu, au nilichokiona tangu mwanzo kinavyopikwa."

"Mimi nakula hapa mwaka mzima, na tumbo ndiyo hili."

"Yule mzee alinuiza kitu kwenye ugali. Nilimsikia."

"Alikuwa anasali."

"Kwa lugha gani?"

"Ya kwao. Ulitaka asali Kisambaa? Na hiyo ripoti utaandika nini, mkuu?"

"Nitaandika uchafu. Siwezi kuandika kwamba naogopa."

Niliacha moto ukazimika. Nilikwenda kumwamsha dada Zuhura, nikamweleza neno kwa neno, kwa hasira. Nilitaka tukamwambie mwenyekiti, tukamshitaki, tumwaibishe mbele ya kijiji kizima. Zuhura alijifunga kanga bila haraka. Alikuwa amelia usiku ule, macho yalionesha, ingawa hakuwahi kukiri.

"Kumbe ana njaa," akasema.

"Dada, nakwambia ataandika uongo, wewe unazungumzia njaa."

"Mtu mwenye njaa haandiki vizuri, Stazia. Alichokiona tangu mwanzo, ndiyo alivyosema? Basi aone."

Nilipofahamu anachokusudia nilikataa. Mgeni kuingia jikoni ni aibu ya mwenye nyumba, ni sawa na kumwambia amepungukiwa kukaribishwa. Na mgeni huyu ni mwanamume. Zuhura akanijibu kwamba huyu si mgeni tu, ni mkaguzi, na kama kazi yake ni kukagua basi jiko hajalikagua. Saa nne asubuhi akaenda kumwita kwa upole wote wa Majengo. "Bwana Afya, samahani sana. Ulisahau jiko. Tusingependa ripoti iwe na upungufu."

Akaja. Aliinama mlangoni, moshi ukamwingia machoni, akatazama uchanja wa vyombo, mtungi wenye kifuniko, mafiga yaliyofagiwa. Hakuona cha kuandika. Zuhura akamwambia kwa utaratibu mzuri unga nao ukaguliwe tangu punje, akanipa ulezi niupepete mbele yake. Nikaupepeta, nikauosha, nikausaga kwenye jiwe. Maji alikwenda kuyachota dereva wake mwenyewe. Figili niliichuma bondeni, tukaiosha mbele ya macho yake mara tatu, na karanga za kuiungia nikazikaanga na kuzitwanga palepale. Mwanzoni alisimama. Baadaye akakaa kwenye kigoda. Baadaye zaidi akauliza kwa nini ulezi ni mweusi namna ile, nikamwambia ndivyo alivyouumba Mungu, na kwamba mahindi meupe ni mgeni wetu wa juzi tu. Niliona pua yake inavyomsaliti harufu ya karanga ilipoanza kupanda.

Maji yalipochemka na unga ukaingia, Zuhura akashika bega ghafla. "Ee Mola, mkono wangu. Bwana Afya, hebu nisaidie mara moja tu, usije ukaungua." Akamwachia mwiko. Kusonga ugali wa ulezi si mchezo. Ukilegea kidogo unakushinda. Alisonga akiwa amevua saa, jasho likimtiririka kwenye shati jeupe, na mimi nilishika sufuria kwa vipande vya gunia nikimtazama. Akasema, bila mtu kumuuliza, kwamba utotoni alikuwa akimshikia mama yake sufuria hivihivi, akisonga ugali wa muhogo. Hapo hasira yangu ikaniponyoka. Niliitafuta na sikuiona tena.

Tulimwekea chakula ndani. Alinawa, akaketi. Nilidhani mtu wa siku nne angelivamia sinia, lakini alikaa akilitazama, mikono juu ya magoti, mvuke ukipanda usoni mwake. Kisha akauliza, "Yule mzee anakaa wapi?"

Nilidhani anataka jina la kuandika. Zuhura alinisukuma mgongoni niende. Nilimkuta Mzee Kalisto akipiga randa kipande cha mti mbele ya nyumba yake, na hakuacha kazi niliposimama.

"Nimeshawaharibia mara moja, mjukuu wangu. Inatosha."

"Amekuita mwenyewe, babu. Chakula kinapoa, na hajala siku nne."

Ile habari ya siku nne ndiyo iliyomwinua. Alikuja, akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, mara mbili, kama mtu anayeingia hospitali, akakaa mbali na sinia. Bwana Afya akamega tonge. Akalichovya kwenye figili. Akala, akatafuna polepole, akameza, akatusubirisha wote. Kisha akalisogeza sinia mpaka kwenye magoti ya yule mzee.

"Nimepika mimi, mzee. Na nimeonja. Karibu."

Mzee Kalisto akapiga ishara ya msalaba, midomo ikaanza kusema, akaikatiza kwa woga. Bwana Afya akamuuliza, kwa sauti ile niliyoisikia alfajiri, "Jana ulisema maneno gani?"

"Nilimshukuru Mungu kwa chakula," Mzee Kalisto akasema. "Na nikamwomba ukirudi kwenu, uwakute wote wazima."

Bwana Afya alishika ukingo wa sinia, nikaona macho yake yamejaa maji, na moshi haukuwamo chumbani. Wakaanza kula. Alikula kama watu watatu. Alipomaliza alinyanyuka akitafuta daftari lake, na Mzee Kalisto, mdomo umejaa, akamshika suruali.

"Kaa, baba. Aliyeonja hukaa. Mimi bado."

Mzee Kalisto alikuwa na meno manne. Ilichukua muda. Mtu wa serikali, mwenye gari linalomsubiri nje, alikaa tena chini na kungoja mzee amalize kila tonge, na katika kungoja huko wakazungumza. Sikusikiliza, na mtu anayenijua hataamini, lakini nilikuwa jikoni na dada Zuhura tumeshikana mikono. Mwishowe tukasikia ikiombwa kalamu, na kalamu yake ilikuwa imekauka. Ndipo nilipokimbilia wino.

Aliandika kwamba nyumba ni safi na inafaa. Chini yake akaongeza sharti, kwa mwandiko wa kuegemea kulia: chakula cha mgeni kionjwe mbele yake, kwa kijiko safi kisichorudishwa chomboni. Mwenyekiti alilisoma mkutanoni kwa sauti ya kiserikali, na watu wa Njia Panda, ambao babu zao walionja tangu dunia haijawa na wilaya, walipiga makofi kwa kuona serikali imeanza kuwaelewa. Leseni ilikuja. Mbolea ikatafutiwa pengine. Na Mzee Kalisto akamalizia kile kipande cha mti alichokuwa anakipiga randa siku ile, akakifanya kijiko chake cha kuonjea, kirefu, kimenyooka, na akawa anatembea nacho kwenye mfuko wa juu wa koti kama daktari.

Nilikaa pale miaka mingine mitatu, kisha nikaolewa na yule dereva wa Mbeya mwenye masikio makubwa, ambaye siku hizo alikuwa akila polepole kuliko ilivyohitajika. Mzee Kalisto alikuwa wa kwanza kugundua; alilalamika kwamba kwa mtu yule analazimika kukaa mpaka miguu inakufa ganzi. Dada Zuhura aliendelea na nyumba kwa miaka mingi, na alipoiuza alihama na ile karatasi tu.

Hayo yote yalinipitia kichwani nikiwa nimekaa kwenye kile kiti kikubwa, na Rehema ameshafika mlangoni. Nikaitazama fremu. Bwana Afya aliandika usafi, aliandika kijiko, aliandika chombo. Jambo kubwa kuliko yote, lile alilolifanya mwenyewe kwa kushikwa suruali, hakuliandika, na mimi na Zuhura hatukuona haja ya kumkumbusha. Nani angedhani litasahaulika.

"Rehema," nikasema. "Rudi ukae."

"Bibi, nina vyombo kule, na kuna watu hawajala."

"Wewe umekula?"

Akafikiri. Alikuwa na miduara chini ya macho na kanga imefungwa kwa haraka ya siku tatu. "Tangu jana nadhani," akasema, "au juzi."

"Aliyeonja hukaa. Ndiyo sheria yenyewe, ile imeandikwa nusu. Bibi yako aliijua."

Alisita, kisha akavuta mkeka, akaketi chini karibu na miguu yangu. Nikashuka kwenye kile kiti, magoti yakilalamika, nikaketi naye. Nikamsogezea paja la kuku. Alikula matonge mawili, kwenye la tatu akaanza kulia, analia huku anatafuna, kilio alichokuwa hajapata nafasi ya kukilia kwa sababu ya vyombo. Sikumwambia anyamaze. Nilikula polepole. Sina meno ya kuharakisha, na sikutaka amalize kabla yangu.